Kutembea siku nzima kando ya mifereji na ardhioevu: mambo ya kuzingatia kabla

Aliyezoea milima akiiona ramani ya njia ya mfereji huidharau: hakuna mwinuko wowote, basi kilomita 30 ni za kumaliza mapema. Hapo ndipo watu wengi hujikuta gizani. Mlimani ukichoka unageuka, na kurudi ni kushuka. Kando ya mfereji maji yako mkono mmoja, matete na tope mkono wa pili, na pa kutokea ni kwenye daraja tu. Kwa hiyo usianze kwa kuhesabu kilomita, anza kwa kuhesabu madaraja.

Chukua ramani ya kina, ya 1:25,000 ukiipata (sentimita 1 ni mita 250), na uzungushie duara kila daraja, kila kivuko, na kila lango la maji lenye ujia wa kupita kwa miguu. Kisha angalia njia yenyewe iko ukingo upi. Kosa la kawaida liko hapa: kituo cha basi cha kurudia kiko ng'ambo, umbali wa mita 40 tu kwa macho, lakini daraja lililo karibu liko kilomita 3 nyuma. Kwenda na kurudi ni kilomita 6, na miguu tayari imechoka. Daraja la reli usilihesabu mpaka uhakikishe lina njia ya waenda kwa miguu. Baada ya hapo pima masafa kati ya duara na duara. Kipande kirefu kuliko vyote ndicho kitakachoamua ugumu wa siku, kwa sababu mtu akiteguka mguu katikati yake, hapo ndipo itabidi mumsaidie kutembea. Kipange kiangukie asubuhi, mkiwa bado na nguvu.

Muda nao una hesabu yake. Kwenye tuta la mfereji lililo kavu, mtu wa kawaida huenda kilomita 4.5 kwa saa. Ndani ya hifadhi, kwenye njia za mbao, nyasi ndefu na matope, hesabu kilomita 2.5, na mkiwa na watazamaji ndege punguza zaidi (mwenye darubini hasikii saa). Tuseme njia ni kilomita 28, yaani 20 za tuta na 8 za hifadhi. Tuta litachukua karibu saa 4 na nusu, hifadhi saa 3 na dakika chache. Ongeza dakika 10 za kupumzika kwa kila saa moja, pamoja na dakika 30 za kula, na jumla inapita muda wa saa 9. Ukitoka saa 1 asubuhi unafika baada ya saa 10 jioni. Karibu na ikweta mwanga unatosha, ingawa si wa kuchezea. London mwezi Desemba mchana wote ni kama saa 8 tu, kwa hiyo safari hiyohiyo haiwezekani bila kuikata vipande viwili.

Kabla ya kuthibitisha tarehe, ulizeni ofisi ya hifadhi mambo matatu: kiwango cha maji kwa sasa, njia zilizofungwa, na kama mbwa wanaruhusiwa. Hifadhi nyingi hufunga baadhi ya njia ndege wanapotaga na kulea, nyingine hupandisha maji kwa makusudi msimu fulani. Picha ya setilaiti haitakuonyesha hilo. Huenda ilipigwa wakati wa kiangazi. Kama maji yanafuata bahari, andika pia saa za kujaa na kupwa.

Miguu ndiyo inayoumia zaidi, na sababu yake ni huo utambarare wenyewe. Kilomita 28 ni hatua zaidi ya 35,000, zote za aina moja, kisigino kikigonga palepale kwenye ardhi ngumu. Viatu vizito vya mlimani havisaidii. Bora vyepesi, vyenye soli laini inayoshika, na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, maana mguu huvimba mchana. Ngozi iliyolowa hulainika na kutoka malengelenge upesi, kwa hiyo beba soksi mbili za ziada na uzibadilishe baada ya kila sehemu ya matope. Ukihisi joto mahali pamoja mguuni, simama uweke plasta hapohapo. Ukisema "nitaiweka kwenye daraja lijalo", utakuta lengelenge limeshajaa maji.

Maji ya kunywa ni nusu lita kwa saa kukiwa na ubaridi, mpaka lita nzima kwenye jua kali, na kwenye tuta kivuli ni haba. Lita moja ni kilo moja mgongoni, hivyo weka alama kwenye ramani mahali penye bomba. Maji ya mfereji usiyategemee. Yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, huenda ni mwani wenye sumu, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Mbwa aliyekunywa anaweza kufa. Mkojo wa panya huacha vijidudu vya ugonjwa wa leptospirosisi vinavyoingia kupitia michubuko, kwa hiyo funika kila kidonda kwa plasta isiyopitisha maji. Kwenye nchi za joto, kuvua viatu na kuingia majini kunaweza kukupatia kichocho.

Penye malango ya boti (vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia boti) tembea mbali na ukingo. Kuta ni wima, zina utelezi, na aliyetumbukia hapati pa kushika. Beba kamba nyepesi ya mita 15. Mrushie, au mnyoshee fimbo huku umelala chini, na usimfuate majini. Fimbo hiyo hutumika pia kupima majani yanayoelea, ambayo kwa macho ni kama uwanja. Kwenye mbao zilizolowa piga hatua fupi, kanyaga kwa unyayo wote, usigeuke ghafla.

Utabiri ukitaja radi, ahirisheni. Kwenye tambarare wewe ndiye mrefu, na kibanda cha mbao cha kutazamia ndege si kinga. Muda kati ya mwanga na ngurumo ukiwa chini ya sekunde 30, mlipaswa kuwa mmeshaingia kwenye jengo imara au gari.

Vilivyobaki ni vya kawaida: ramani iliyopakuliwa kwenye simu, pawa benki, tochi ya kichwani, kofia, koti la mvua, dawa ya mbu. Suruali iwe ndefu, ichomekwe ndani ya soksi, kwa ajili ya kupe. Weka na kibano chenye ncha nyembamba. Kupe hushikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa moja kwa moja bila kusokota. Kumpaka mafuta au kumchoma kunaweza kumfanya ateme alichonacho ndani ya damu yako. Jikagueni jioni hiyohiyo, hasa nyuma ya magoti, kwenye nyonga na nyuma ya masikio.