Kakako kaoa Mfilipino? Soma hii kabla hujapanda ndege

Kakangu walikutana na wifi yangu Doha, wote walikuwa kazi ya hoteli, na hatimaye mimi na mamangu tukatoka hapa Lamu tukaenda kuwaona wakwe Batangas, huko Ufilipino. Tulidhani tutapotea kabisa, wapi! Vitu vigeni havikutusumbua, vilivyotutia aibu ni vile vinavyofanana na vyetu.

Anza na mkono. Viatu vua mlangoni kama kwetu, halafu wafuate wazee. Sasa mimi mtoto wa Lamu nikaushika mkono wa bibi nikaubusu, nyumba nzima ikacheka. Kule usibusu, unainama unauweka mgongo wa mkono wake kwenye paji la uso wako na unasema "mano po", naye anakuombea baraka za Mungu. Hiyo "po" usiiache ukiongea na mkubwa, ni adabu, bila hiyo utaonekana hukufunzwa nyumbani. Dada mkubwa muite Ate, kaka Kuya, bibi Lola, babu Lolo, jina tupu la mtu aliyekuzidi umri usiliguse. Na ukiuliza kitu mtu akapandisha nyusi tu kimya, amekujibu ndiyo. Mama alidhani anadharauliwa, siku mbili amenuna.

Ukipita watu wanakula watakwambia "kain tayo", yaani twende tule. Usivute kiti! Ni kama karibu yetu ile ya barazani, unajibu starehe unapita zako. Sema "busog pa po ako", bado nimeshiba. Wakikazana mara ya pili ya tatu basi hapo kaa. Kijiko mkono wa kulia, uma kushoto wa kusukumia wali, kisu hukioni, ila siku ya kamayan wanatandaza majani ya mgomba mezani, wali na samaki juu yake, kila mtu kwa mkono, hapo mama alipumua akasema sasa hawa ni watu. Kipande cha mwisho kwenye sahani kitabaki hapo kila mtu anakionea haya, na wewe kione haya.

Nguruwe jamani, hapa msikilize vizuri. Sema mapema "bawal po sa akin ang baboy", yaani nguruwe ni mwiko kwangu, na usiulize tu kama kuna nyama, manake mboga zaweza kuja na vipande vya nguruwe ndani na watu hawazihesabu kuwa nyama. Lumpia zinafanana na sambusa ndefu, ulizia ndani kuna nini kabla hujauma. Sisi tuliponea sinigang ya samaki, mchuzi wa ukwaju mkali, na vitu vya tui la nazi, hapo ni kama uko Shela.

Mkikula nje anayealika ndiye analipa, na mwenye birthday ndiye anawalisha wenzake. Wakisema KKB kila mtu na mfuko wake. Bili unaiita kwa kuchora kiboksi hewani kwa vidole. Watoto watawavuta Jollibee tu, mikahawa yao ya chakula cha haraka, tambi zao tamu kama tambi zetu za sukari ila zina soseji, mimi nilipita.

Sasa msiba. Jirani yao alifariki tukiwa pale. Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri ashazikwa, kule jeneza linakaa wazi nyumbani siku tatu hata wiki, mara nyingi wanangoja walio ng'ambo warudi, na watu wanakesha na kahawa na biskuti na, weh, karata za pesa! Mama alitaka kuondoka. Kumbe sehemu ya hela za mchezo inakatwa inapewa wafiwa, na kelele zile ni kusudi maiti asiachwe peke yake usiku. Wewe si lazima ucheze, kaa tu. Rambirambi ipo, inaitwa abuloy, tia kwenye bahasha. Sema "nakikiramay po ako", yaani poleni, niko nanyi kwenye msiba. Usivae nyekundu, na wafiwa wasipokusindikiza mlangoni usikasirike, ni mwiko kwao. Halafu usirudi nyumbani moja kwa moja, pitia dukani au mkahawani kwanza, roho isikufuate, wanaita pagpag. Mimi siamini, lakini nilipita nikanunua soda, ningewabishia wenyeji kwa nini?

Wanasali siku tisa baada ya kifo, arobaini wanayo kama sisi, na mwaka ukitimia ndio wanavua matanga.

Ukienda mwishoni mwa Oktoba utakuta wanafyeka na kupaka rangi makaburi, manake Novemba 1 familia nzima inahamia makaburini na sufuria za wali, maua, mishumaa, wengine wanalala huko huko. Ukipewa mshumaa uuwashe usiuwashe ni wewe na dini yako, hakuna atakayekulazimisha, lakini ufagio ukipewa shika ufagie, na watoto waache waokote nta iliyoyeyuka wafinyange mipira, ndio mchezo wao siku hiyo.