Picha au Sura: Namna ya Kuchagua Zana za Kutafuta Chanzo cha Picha Mtandaoni

Mwaka jana binamu yangu alikuwa akitafuta nyumba ya kupanga Kigamboni, Dar es Salaam, na dalali mmoja aliyempata mtandaoni akamtumia picha tatu: ya sebule, ya jiko na ya uzio wa mbele. Kodi ilikuwa ya chini kuliko ya nyumba za jirani, na dalali alitaka alipwe ya miezi sita kwa simu kabla nyumba haijaonwa, kwa kuwa, alivyodai, wateja wengine walikuwa wanaisubiri. Binamu alinitumia picha hizo akiniuliza tu kama nyumba inapendeza. Mimi nilikodolea macho soketi ya jikoni: ilikuwa na mipasuo miwili myembamba na tundu moja chini yake, ya aina inayotumika Marekani, ilhali soketi zetu zina matundu matatu ya mstatili. Niliikata picha hadi yakabaki makabati na ukuta, nikaipakia kwenye Google Lens, zana ya Google ya kutafuta kwa kutumia picha, na baada ya kubadilisha kipande mara mbili nikafika kwenye tangazo la nyumba iliyokuwa ikiuzwa ng'ambo, yenye sebule ileile na uzio uleule.

Kazi hiyo ilichukua dakika tano kwa sababu swali lilikuwa wazi: picha hizi zilikwisha kuonekana wapi? Binamu, kwa hasira, aliuliza la pili papo hapo: huyu mwenye uso kwenye akaunti ya dalali ni nani? Maswali hayo mawili hufanana kwa mbali, lakini kila moja lina zana zake, gharama zake na hatari zake, na watu wengi huchagua zana vibaya kwa kuwa hawakuamua kwanza wanauliza lipi.

Zana inayotafuta chanzo cha picha huichukua picha nzima na kuipa utambulisho wake wa kihesabu, mfano wa alama ya dole gumba, kisha hutafuta picha nyingine zenye alama hiyohiyo au inayokaribiana nayo. Zana ya kutafuta sura haijali ukuta, nguo wala mti ulio nyuma. Huchambua uso, huugeuza kuwa mfululizo wa namba, kisha hutafuta nyuso nyingine ambazo namba zake ziko karibu. Kwa hiyo ya kwanza inaweza kukuambia kwa uhakika mkubwa kwamba picha ni ileile. Ya pili haina uwezo wa kusema zaidi ya kwamba sura hizi zinakaribiana, hata ikipamba jibu lake kwa asilimia na rangi za kijani.

Kwa swali la chanzo, ninaanza na TinEye, iliyoanzishwa Toronto, Kanada, mwaka 2008. Hifadhi yake ya picha ni ndogo kuliko ya Google na mara nyingi hurudi mikono mitupu, hasa kwa picha zilizopigwa na kusambazwa huku kwetu. Lakini inapopata, hukupa picha ileile na kukuruhusu kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Kwa mtu anayetaka kujua kama picha ya "mafuriko ya leo asubuhi" ilikuwepo miaka sita iliyopita, mpangilio huo una thamani kuliko kitu kingine chochote. Angalizo moja: tarehe inayoandikwa pale ni siku ambayo TinEye yenyewe iliikuta picha, wala si siku picha ilipopigwa au kuchapishwa. Inathibitisha kwamba picha haiwezi kuwa changa kuliko hapo. Umri wake kamili utautafuta kwa kufungua ukurasa wenyewe na kusoma.

Google Lens, ambayo tangu mwaka 2022 imechukua nafasi ya utafutaji wa zamani wa Google wa picha kwa picha, ina hifadhi kubwa mno, ila ina tabia ya muuza duka. Ukiipa picha ya mwanamke aliyevaa kitenge, itakuletea maduka ya vitenge. Ukiipa sebule, itakuuzia makochi. Usikate tamaa na ukurasa huo wa kwanza. Tafuta sehemu inayoonyesha picha zinazolingana kabisa, na kama haipo, punguza fremu ya kutafutia ishike kitu kisicho cha kawaida: bango, mchoro ukutani, kilele cha mnara wa msikiti, maandishi ya ubavuni mwa daladala. Kwa majengo, mitaa, mimea na maandishi yanayohitaji kutafsiriwa, sijaona zana ya bure inayoishinda. Kwa sura za watu wa kawaida imezuiwa makusudi, na Google haikuijenga ili ikutajie jina la mpita njia.

Yandex, injini ya kutafutia ya Urusi, inasifiwa na wahakiki wa habari wengi kwa kutambua mandhari na hata nyuso, na ni kweli kwamba mara nyingi hupata pale Google ilipokosa, hasa kwa picha zilizotoka Ulaya Mashariki na Asia ya Kati. Lakini picha unayoipakia inakwenda kwa kampuni iliyo chini ya sheria za Urusi, na hilo ni jambo la kupimwa kabla ya kubonyeza. Picha ya daraja, sawa. Picha ya mwanao, au ya shahidi aliyekuamini, hapana. Bing ya Microsoft ninaitumia kama jaribio la mwisho, na mara mojamoja hunishangaza.

Kabla ya kuilaumu zana, iandae picha. Iliyopita WhatsApp imekwisha kubanwa, na taarifa zilizofichwa ndani yake, kama vile saa, aina ya kamera na mahali ilipopigiwa, zimeondolewa, hivyo aliyekutumia akiwa nayo katika hali yake ya awali, mwombe akutumie kama faili. Skrinishoti yenye saa, betri na majina ya kundi pembeni ikatwe mpaka ibaki picha yenyewe. Kuna pia ujanja wa kugeuza picha kushoto kuwa kulia ili isitambulike. Maandishi yanayosomeka kinyumenyume huufichua, na ukiigeuza tena upya, baadhi ya zana zilizokuwa kimya huanza kujibu. Kwa video, utahitaji kupata picha mgando kadhaa. Aliye na kompyuta anaweza kusakinisha kwenye kivinjari chake nyongeza iitwayo InVID-WeVerify, inayokata video vipande na kuzipeleka picha kwenye zana kadhaa kwa mkupuo. Aliye na simu tu asimamishe video mahali palipo na kitu cha pekee, apige skrinishoti, na aendelee kama kawaida.

Zana zikinyamaza, kimya chao hakithibitishi lolote. Yaliyomo kwenye makundi ya WhatsApp, akaunti zilizofungwa na simu za watu hayaonekani na injini yoyote ya kutafutia. Pia kuna nyuso ambazo hazina mwenyewe: tangu mwaka 2019, ilipoanzishwa tovuti iliyoonyesha sura mpya ya mtu asiyekuwepo kila ukurasa ulipofunguliwa upya, kutengeneza uso wa bandia kumekuwa kazi ya sekunde. Uso wa namna hiyo haupatikani popote kwa kuwa haujawahi kuwa popote. Mtu anayejitambulisha kuwa daktari wa miaka hamsini, aliyefanya kazi katika nchi nne, na ambaye picha yake pekee haina hata nakala moja mtandaoni, anastahili kutiliwa shaka zaidi kuliko yule ambaye picha yake ya harusi ya binamu imezagaa kwenye kurasa tatu.

Tuje kwenye sura. Zana zinazojulikana zaidi kwa umma ni PimEyes, iliyozaliwa Poland mwaka 2017, na FaceCheck.ID. PimEyes hukuonyesha bure kwamba imepata nyuso, lakini kuona zilikotoka unalipia, na inasema haitafuti kwenye mitandao ya kijamii, kwa hiyo anayelipa akitarajia kuletewa akaunti ya Instagram atakuwa amenunua mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2023 ilitangaza kuzuia utafutaji wa sura za watoto. Clearview AI, ambayo husikika sana katika habari, huuzwa kwa vyombo vya dola na haipatikani kwa raia. Ilikusanya mabilioni ya picha kutoka mtandaoni bila ridhaa ya wenye nyuso, na mamlaka za Italia, Ugiriki na Ufaransa zikaitoza faini ya euro milioni 20 kila moja mwaka 2022. Tovuti yoyote inayojinadi kukuuzia huduma ya Clearview ni ya kitapeli.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kuwa mwangalifu. Desemba 2019, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilichapisha matokeo ya kuzipima programu 189 za utambuzi wa sura. Makosa ya kumfananisha mtu na mtu mwingine yalikuwa mengi zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na machache zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Programu nyingi zimeboreshwa tangu wakati huo, lakini tovuti ya kulipia haikuambii inatumia programu ipi wala ilijaribiwa kwa nyuso za nani. Mwezi uliofuata, Januari 2020, polisi wa Detroit walimkamata mwanamume Mweusi mbele ya mkewe na watoto wake kwa wizi wa saa dukani, kwa sababu kompyuta ilimtaja baada ya kusomeshwa picha hafifu ya kamera ya ulinzi. Alilala mahabusu kwa kosa asilolitenda. Wale walikuwa polisi, wenye utaratibu na mafunzo. Wewe una simu na hasira.

Ukiona ni lazima kutafuta sura, ninashauri utafute yako kwanza. Ni matumizi halali kabisa, yatakuonyesha kama kuna mtu anayejifanya wewe, na yatakufundisha kiwango cha makosa ya zana kabla hujamwelekezea mtu mwingine: hesabu ni nyuso ngapi kati ya zile za ukurasa wa kwanza ambazo kwa hakika ni zako. Mimi nilipofanya hivyo nilijikuta nimekuwa mwanakwaya wa nchi nisiyowahi kukanyaga.

Zana yoyote utakayoichagua, soma kwanza ukurasa wa masharti, walau sehemu inayoeleza kama picha unayopakia huhifadhiwa na kwa muda gani. TinEye inasema haiingizi picha za watumiaji katika hifadhi yake. Angalia pia kama kampuni inataja nchi iliposajiliwa na kama inampa mtu asiyetaka kuonekana njia ya kuomba aondolewe. PimEyes inayo njia hiyo, ingawa kuna kichekesho ndani yake: ili usionekane, sharti uwapelekee uso wako pamoja na nakala ya kitambulisho, hivyo ukiamua kufanya hivyo, ziba namba na taarifa zote wasizozihitaji. Programu za simu zinazojiita za kutafuta sura, zikiomba ruhusa ya kuona majina uliyohifadhi na mahali ulipo, ziache dukani. Kutafuta picha hakuhitaji kitabu chako cha simu, na nyingi kati ya hizo hupeleka picha yako kwenye zana zilezile za bure, zikikulundikia matangazo njiani.

Sheria nazo zimefika. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Ya Kenya inazitaja wazi taarifa za kibayometriki, yaani za maumbile ya mwili kama alama za vidole, ambazo sura inaweza kuingia humo, miongoni mwa taarifa nyeti. Kutafuta kimyakimya kama picha ni ya kughushi na kumtangaza mtu kwa jina kwenye kundi la watu mia mbili ni mambo yaliyo mbalimbali mbele ya sheria. Penye habari inayosambaa, badala ya mtu mmoja anayekusumbua, wapo wanaoifanya kazi hii kila siku, kama PesaCheck, inayochapisha pia kwa Kiswahili.

Binamu alinibembeleza siku nzima nimtafute dalali kwa uso wake, na nilikataa. Mtu aliyeiba picha za nyumba hakosi kuiba na ya uso. Jina ambalo zana ingetupa, kama lingekuwa sahihi, lingekuwa la kijana mwingine ambaye picha yake ilichukuliwa bila habari yake, na binamu angeamka asubuhi kumtukana asiyehusika. Badala yake niliipitisha picha ya akaunti kwenye zana za chanzo, nikaikuta kwenye kurasa mbili zenye majina mawili tofauti, na hilo lilitosha kujua kwamba uso ule hautufikishi kwa mtu. Kilichokuwa chake kwa hakika ni namba aliyotaka kulipwa. Tuliiripoti kwa kutuma neno "utapeli" kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu Tanzania, na binamu akapanda pantoni kwenda kutafuta nyumba kwa macho yake.