Unapokwenda kununua adapta, chukua na ile ya zamani

Anayekwenda madukani Darajani, Unguja, au Chake Chake, Pemba, kutafuta adapta ajue kwamba jina hilo hutumika kwa vitu viwili tofauti kabisa: wapo wanaokusudia kile kichwa kinachowezesha plagi ya pini mbili za duara kuingia katika soketi zetu za pini tatu bapa, na wapo wanaokusudia kisanduku kinachopunguza umeme wa volti 230 hadi volti 5, 9 au 12 kwa ajili ya king'amuzi au ruta. Chaja nayo kwa mmoja ni kichwa peke yake, kwa mwengine ni kichwa pamoja na waya wake, na waya huohuo wengi huuita USB tu.

Kwa hiyo ni bora kumpelekea muuza duka kifaa chenyewe kilichoharibika, au angalau picha ya maandishi yake. Katika adapta ya king'amuzi, usomwe mstari wenye neno OUTPUT: volti lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye king'amuzi, ampea (kiasi cha mkondo wa umeme, huandikwa kwa herufi A) zinaweza kuzidi lakini zisipungue, na ule mchoro mdogo wenye alama za kujumlisha na kutoa nao ufanane, kwa sababu adapta inayoingia vizuri kwenye tundu huku alama zake zimegeuka inaweza kukiunguza kifaa mara tu umeme unapowashwa. Rimoti haina utata wa jina. Kinachotakiwa ni namba ya modeli, ambayo kwa kawaida huandikwa nyuma ya televisheni.