Kumtafuta Ona katika barua za Washington

Wengi wakifungua nyaraka za George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, hukimbilia vita. Mimi nakuomba uanze na orodha ya watumwa wake ya Juni 1799, miezi sita kabla hajafa. Iko bure kwenye tovuti ya Founders Online, imeshachapwa, kwa hiyo hutahangaika na mwandiko wa kale.

Isome na karatasi mkononi. Majina yamepangwa shamba kwa shamba: Muddy Hole, Dogue Run, River, Union, na ile Nyumba Kubwa ya Mount Vernon, makazi yake. Wewe yapange upya kwa safu mbili. Kushoto weka watu 123 waliokuwa wa Washington mwenyewe. Kulia weka 153 waliotoka kwenye fungu la ujane la mkewe Martha, yaani sehemu ambayo mjane huitumia akiwa hai tu, katika mali ya marehemu mumewe wa kwanza, Daniel Parke Custis. Waliobaki walikodiwa. Kazi hii inachosha, lakini usiiruke, kwa sababu wosia uliwapa uhuru wa kushoto tu. Wa kulia walirudi kwa warithi wa Custis. Kila ukikuta mume kushoto na mke kulia, waunganishe kwa mstari, kisha kumbuka kwamba watoto walifuata upande wa mama. Mimi nilitumia kalamu nyekundu. Karatasi yangu bado nimeibandika jikoni.

Sasa mfuate mtu mmoja. Ona Judge, mtumwa aliyemhudumia Martha chumbani, alitoroka nyumba ya rais Philadelphia Mei 1796. Ukitafuta “Ona” utamkosa, maana Washington aliandika “Oney”. Fungua barua yake ya 1 Septemba 1796 kwa Oliver Wolcott, waziri wa fedha: rais anamtuma waziri amsake binti huyo!

Usiishie kwa mwenye mali. Soma na waliomjibu. Joseph Whipple, ofisa wa forodha wa Portsmouth, New Hampshire, alikokimbilia Ona, aliongea na Ona uso kwa uso, na ndiye anayeeleza kwamba kiu ya uhuru ndiyo iliyomwondoa, na kwamba angerudi iwapo angeahidiwa uhuru wakishafariki mabwana zake. Kisha soma Washington anavyolikataa sharti hilo, 28 Novemba.

Halafu weka barua kando, utafute mahojiano ya Ona mwenyewe katika magazeti ya 1845 na 1847. Aliulizwa kama anajuta kumwacha Washington, ilhali maisha yake baadaye yalikuwa ya taabu. Akasema hapana, yeye yu huru.