Namna ya kutengeneza chetezo cha shaba chenye umbo la simba

Katika karne ya 11 na ya 12, mafundi wa Khorasan, mashariki mwa Iran, walimimina vyetezo vya namna hii kwa ustadi ambao mpaka leo unanisisimua. Kilicho mashuhuri zaidi kipo Metropolitan Museum of Art, New York: simba mwenye kimo cha sentimita 85 hivi, kazi ya Ja'far ibn Muhammad ibn Ali, mwaka 577 Hijria (1181–82). Jina lake, la amiri aliyeagiza na mwaka vyote vimeandikwa kwenye mwili wa simba. Kichwa kinachomoka ili mkaa uingie. Mwili umetobolewa kwa nakshi ili moshi utoke. Kwa hiyo kabla ya kuwaza manyoya na makucha, waza moshi. Sisi tutatengeneza mdogo, wa sentimita 15.

1. Kiini. Changanya udongo wa mfinyanzi, mchanga laini na samadi kavu iliyochekechwa. Samadi ikiungua huacha vitundu vya kupitishia hewa. Finyanga kiwiliwili bila kichwa, shingo iwe pana kiasi cha kupitisha kipande cha mkaa. Anika kivulini mpaka kikauke kabisa.

2. Nta. Funika kiini kwa nta ya nyuki yenye unene wa milimita 4, ila juu ya shingo acha udongo wazi. Miguu na mkia ni nta tupu.

3. Matundu. Hapa usiwe na haraka. Kwa kisu chenye ncha kali kilichopashwa moto kidogo, kata nakshi mbavuni mpaka uuone udongo wa kiini. Kati ya tundu na tundu bakiza nta isiyopungua milimita 4, la sivyo shaba haitafika kote. Kifuani toboa matundu machache ya chini ya kuingiza hewa. Tumboni usitoboe, majivu yatamwagika. Matundu haya yana faida nyingine: udongo wa nje utapenya humo na kushikana na kiini, hivyo nta ikishayeyuka kiini hakitacheza. Pamoja na hayo, chomeka misumari myembamba ya chuma, ipite kwenye nta mpaka ndani ya kiini, na vichwa vyake vitokeze nje.

4. Kichwa. Kitengeneze peke yake, kikiwa na kola ya kuingia shingoni. Mdomo uwe wazi mpaka ndani. Manyoya ya shingo yafunike kiungo.

Katika jumba la makumbusho la Hermitage, St Petersburg, Urusi, kuna chombo cha maji cha mwaka 1206: ng'ombe akinyonyesha ndama, na simba aliyemrukia mgongoni ndiye kishikio. Maandishi yake yanasema wote watatu walimiminwa kwa mara moja. Huo ni umahiri wa kuuheshimu, si wa kuanzia.

5. Kalibu. Bandika vijiti vya nta: kimoja kinene cha njia ya shaba, vingine vyembamba vya kutolea hewa. Pima uzito wa nta yote uliyotumia. Zidisha mara 9, ongeza kidogo, ndiyo shaba utakayohitaji. Kisha paka udongo laini kwa brashi, tabaka baada ya tabaka, na umalizie kwa udongo wa chengachenga.

6. Kumimina. Choma kalibu taratibu, mdomo ukiwa chini, mpaka nta yote itoke na udongo uwe mwekundu. Kalibu yenye unyevu hulipuka, basi usiionee huruma kuni. Yeyusha shaba nyekundu sehemu 9 na bati sehemu 1, uimimine ikiwa kwenye nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi, kalibu ikiwa bado moto. Mafundi wa zamani walitia na madini ya risasi. Wewe usitie, maana mvuke wake ni sumu. Vaa glovu za ngozi, miwani na viatu vilivyofunika mguu.

7. Kumalizia. Vunja kalibu, chokonoa kiini kupitia shingoni, kata njia kwa msumeno, piga tupa. Chora maandishi kwa patasi ndogo, na jina lako liwemo.

Weka makaa mawili yaliyokolea na udi kidogo, funga kichwa. Moshi ukitokea kwenye kiungo cha shingo, kola haijakaa sawa, ipige tupa tena. Mkaa ukizimika, panua matundu ya kifuani.