Kufunga giaboksi ya 700R4 kwenye Chevrolet Impala ya 1965

Mzee mmoja wa hapa Malindi ana Chevrolet Impala ya 1965 yenye usukani wa kulia, ambayo kazi yake kubwa ni kubeba maharusi. Ndani ya mji haikuwa na shida, lakini kila alipoitwa Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, injini yake ya V8 ilinguruma njia nzima, kwa sababu giaboksi ya asili, Powerglide, ina gia mbili tu. Alitaka gia ya kupumzisha injini. Tulimfungia 700R4, giaboksi ya otomatiki ya gia nne, na naandika hapa tulivyoifanya kazi hiyo, pamoja na kosa nililolifanya kwenye gari jingine kabla ya lake.

Hesabu kabla ya kufungua chochote

Difu ya gari hili ni 3.36, yaani propela huzunguka mara 3.36 tairi ikizunguka mara moja, na tairi zina kipenyo cha sentimita 68 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, Powerglide inaizungusha injini karibu mara 2,600 kwa dakika. Gia ya nne ya 700R4 ni 0.70, yaani injini huzunguka mara 0.70 tu propela ikizunguka mara moja, kwa hiyo kwa mwendo uleule injini inashuka hadi kama 1,820. Gia ya kwanza nayo ni 3.06, wakati ile ya Powerglide haifiki hata 2, kwa hiyo gari linaondoka jepesi likiwa limejaa watu.

Kuchagua giaboksi

General Motors walianza kuifunga 700R4 mwaka 1982. Za miaka ya mwanzo ziache, tafuta ya 1987 au ya baadaye, kwa kuwa kufikia hapo udhaifu mwingi ulikuwa umesharekebishwa. Wako watakaokushauri uchukue 4L60E, ndugu yake anayeendeshwa kwa kompyuta. Ni kweli kwamba ile haina kebo itakayokusumbua kama nitakavyoeleza, lakini mimi siifungi kwenye gari la zamani linalolala mita mia chache kutoka baharini. Chumvi ikiingia kwenye plagi za nyaya, utatafuta hitilafu mpaka utachoka, ilhali kebo unaiona kwa macho.

Kuteremsha ya zamani na kuipandisha mpya

Kuteremsha Powerglide hakuhitaji maelezo. Mashimo ya bolti za nyuma ya injini ni yaleyale, lakini hakikisha flaiwili ina matundu yanayolingana na konveta mpya, yaani lile chungu la oili linalopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi.

Konveta itie oili lita moja au mbili kabla ya kuivalisha, kisha isukume huku ukiizungusha mpaka uisikie imeingia kwa vishindo vitatu. Giaboksi ikishakaa sawasawa na injini, kabla hujafunga bolti za konveta, pawe na nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati ya konveta na flaiwili. Ikiwa hakuna nafasi, teremsha uanze upya. Usiivute kwa bolti kamwe, kwa sababu kitakachovunjika ni pampu.

Krosimemba, chuma cha kukingama kinachobeba giaboksi, tuliisogeza nyuma sentimita 5 hivi na kutoboa matundu mapya kwenye chesi. Kwa gia leva nilitumia ya sakafuni yenye kebo, kwani vyuma vya asili vya kwenye usukani wa kulia vilikuwa vimelika na havina nafasi za kutosha kwa gia nne.

Propela

700R4 ni ndefu kwa sentimita 8 hivi, kwa hiyo propela lazima ikatwe. Pima gari likiwa limesimama kwa tairi zake, si juu ya jeki, na uache sentimita 2 hadi 2.5 ili yoki, kichwa cha propela kinachoingia kwenye giaboksi, iwe na pa kusogea. Yoki ya Powerglide ya aluminiamu inaingia bila kubadilishwa. Kukata na kusawazisha tulipeleka Mombasa kwenye mashine, na sishauri mtu akate na kuchomelea kwa kukadiria kwa macho.

Kebo ya presha

Hapa soma polepole. Kutoka kwenye kabureta hadi ubavu wa kulia wa giaboksi inapita kebo nyembamba ambayo mafundi wengi huidhania ni ile ya kushusha gia ukikanyaga mafuta kwa nguvu, kama ilivyo kwenye giaboksi za zamani za gia tatu. Siyo. Kebo hii ndiyo inayoiambia giaboksi injini inavuta kwa nguvu kiasi gani, na presha ya oili inayobana kluchi hupanda kwa kuifuata. Ikilegea, gari litatembea vizuri tu na kubadili gia mapema kwa ulaini wa kupendeza, na wakati huohuo kluchi zinateleza na kuungua.

Mimi ulaini huo niliusifu. Gari hilo la kwanza lilikuwa na kabureta isiyo ya asili, na pini ya kushikia kebo ilikuwa karibu mno na mhimili wa kabureta. Nilikaza kebo mpaka ikaondoka ulegevu injini ikiwa imetulia, nikaridhika, nikashika barabara ya Kilifi. Baada ya Gede injini ilianza kupanda mlio bila gari kuongeza mwendo. Kufika Matsangoni nilisimama, nikachomoa kijiti cha oili: imekuwa ya kahawia, inanuka kama ugali ulioshika sufuria. Tulirudi Malindi tukivutwa kwa kamba, na nilipoifungua giaboksi nilikuta kluchi za gia ya tatu na ya nne ni nyeusi tii.

Kwa hiyo fanya hivi. Pima kutoka katikati ya mhimili wa kabureta hadi kwenye pini ya kebo: panatakiwa karibu milimita 28. Kama hapatoshi, nunua kipande cha kurekebishia au uchonge chako kwa chuma cha milimita 3, kama tulivyofanya kwenye Impala. Kisha bonyeza kitufe cha kebo, rudisha kitelezi nyuma mpaka mwisho, achia kitufe, na uifungue kabureta yote kwa mkono wako hukohuko kwenye injini. Kitelezi kitajisogeza chenyewe kwa mlio wa kukwaruza na kukaa mahali pake.

Nimesema kwa mkono kwa makusudi. Kwenye Impala nilimwomba kijana wangu akanyage pedeli, na gari likawa linachelewa kubadili gia na kushtuka kila linapobadili. Siku mbili nilikuwa chini yake natafuta tatizo ndani ya giaboksi, mpaka mzee akauliza, “Fundi, hilo zulia la mpira ulilitoa?” Zulia lilikuwa limejikunja chini ya pedeli, kabureta inafunguka robo tatu tu, na kebo ilijipima kwa robo tatu hiyo.

Ukimaliza, funga geji ya paundi 300 kwenye tundu la presha upande wa kushoto, juu ya mkono wa gia. Injini ikiwa imetulia, presha huwa karibu na paundi 60, na sindano lazima ianze kupanda mara tu kabureta inapoguswa. Ikingoja kwanza ndipo ipande, usitoke nje ya geti.

Umeme, oili na kuipooza

Konveta ya 700R4 hujifunga yenyewe kwenye mwendo mrefu ili isiteleze, na inahitaji umeme wa volti 12 unaopitia swichi ya breki, ili ukikanyaga breki iachie. Usiiache bila umeme, kwani itazalisha joto lisilo la lazima. Kwa joto la Pwani ongeza kipoza oili cha pembeni mbele ya rejeta. Oili ni Dexron III, jumla lita 11 hivi giaboksi ikiwa tupu, na kipimo husomwa injini ikiunguruma, gia ikiwa kwenye P, oili ikiwa ya moto.

Baada ya safari ya kwanza ya Mambrui na kurudi, ingia chini ukague sili ya nyuma na maungio ya paipu za kipoza. Na pale propela ilipochomelewa, piga rangi siku hiyohiyo, maana yetu tuliiacha wiki moja tu wakati wa kusi na ikaanza kutoa kutu.