Printa na skana kwenye Linux: somo kwa wenye saiba na ofisi ndogo

Tangu Microsoft ifunge msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye saiba kadhaa hapa Kisumu wamehamia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kwa sababu kompyuta zao zimekataliwa na Windows 11. Kompyuta huwaka vizuri, intaneti inashika, kila mtu anafurahi. Kisha anaingia mteja anayetaka kopi ya cheti cha kuzaliwa na kitambulisho kiskaniwe kiende eCitizen, na hapo ndipo napigiwa simu: "Fundi, printa haionekani."

Nimeandika kwa kufuata matoleo ya Mint 21 na 22. Ubuntu na Debian, mifumo mingine ya Linux, hazina tofauti kubwa.

Jambo la kushika kabla hujagusa chochote: mashine inayochapisha na kuskani ni vifaa viwili ndani ya gamba moja. Kuchapisha kunasimamiwa na programu iitwayo CUPS, kuskani kunasimamiwa na SANE. Moja inaweza kwenda vizuri na nyingine ikagoma kabisa. Nimeona watu waking'oa kila kitu na kuweka mfumo upya kwa sababu ya skana tu, ilhali printa ilikuwa haina shida. Maliza kimoja, ndipo uende kwa cha pili.

Hatua ya 1: Hakikisha kompyuta inaiona mashine

Chomeka kebo ya USB moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio. Washa printa, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

lsusb

Tafuta mstari wenye jina la kampuni. Epson hujitokeza kama "Seiko Epson Corp." na namba 04b8, HP ni 03f0, Canon ni 04a9. Kama mstari huo haupo, hakuna draiva (programu inayoiunganisha kompyuta na mashine) duniani itakayokusaidia. Badilisha kebo, badilisha tundu, kisha jaribu tena.

Hatua ya 2: Jaribu bila draiva kwanza

Mazoea ya Windows ni kukimbilia CD au tovuti. Hapa usikimbie. Printa nyingi za miaka ya karibuni huzungumza lugha ya pamoja iitwayo IPP, na CUPS huielewa bila kuongezewa kitu. Fungua "Printers" kwenye menyu, au kwenye kivinjari andika localhost:631. Ikiwa printa imejiweka yenyewe, chapisha ukurasa wa majaribio.

Hapohapo angalia ukubwa wa karatasi. Karatasi yetu ni A4, milimita 210 kwa 297. Mfumo uliowekwa kwa Kiingereza cha Marekani mara nyingi huchagua Letter, milimita 216 kwa 279. Printa itasimama huku taa inawakawaka, ikingoja karatasi ambayo hata huipati madukani, na mwenye saiba atadhani imeharibika. Chagua A4 kwenye mipangilio ya printa, na pia ndani ya LibreOffice.

Hatua ya 3: Ikikataa, tafuta draiva yake halisi

Kwa Epson za chupa za wino zinazotumia kebo, kama L3110, andika amri hii (sudo ni kuomba ruhusa ya msimamizi, itakuuliza nenosiri):

sudo apt install printer-driver-escpr

Kisha ongeza printa upya na uchague jina lake kwenye orodha.

Kwa HP weka programu zake, hplip na hplip-gui, halafu endesha hp-setup. Baadhi ya LaserJet, kwa mfano P1102, zinahitaji pia kiongezi ambacho HP haikukiweka wazi. Unakipata kwa amri ya hp-plugin, na lazima uwe na intaneti wakati huo. Toleo la kiongezi lazima lilingane na toleo la hplip, kwa hiyo siku mfumo ukisasishwa na printa ikanyamaza, endesha hp-plugin tena kabla hujafanya lingine lolote.

Kuna mgongano mmoja unaosumbua sana. Tangu Mint 21, iliyotoka mwaka wa 2022, mfumo huja na ipp-usb, programu inayoishika printa ya USB na kuipitisha kwenye njia ya IPP. Ikiishika, hplip na draiva nyingine haziwezi kuifikia mashine tena, na unapata ujumbe wa hitilafu ya mawasiliano ingawa kebo ni nzima. Ukiamua kutumia draiva ya kampuni, ondoa hiyo pamoja na mwenzake wa skana, sane-airscan, kisha uzime na kuwasha kompyuta:

sudo apt remove ipp-usb sane-airscan

Chagua njia moja. Zikiwa mbili pamoja zitakuzungusha siku nzima.

Hatua ya 4: Skana

Andika:

scanimage -L

Ikitaja skana yako, fungua "Document Scanner" na uanze kazi. Ikisema haijaona kitu, rudia amri hiyo ukitanguliza sudo. Ikionekana kwa sudo pekee, shida ni ruhusa tu:

sudo usermod -aG scanner,lp $USER

Toka kwenye akaunti, ingia tena.

Isipoonekana kabisa, unahitaji programu ya kampuni. Epson wana Epson Scan 2 ya Linux kwenye tovuti yao, na Brother wana brscan. Pakua kutoka kwa kampuni yenyewe, si kwenye tovuti zinazojiita hazina za draiva.

Kwa barua na vyeti, dpi 300 (nukta kwa kila inchi) inatosha. Kupandisha hadi 600 kunazaa faili zito ambalo tovuti nyingi za maombi zitalikataa.

Maswali ya wasomaji

*Kutoka Bungoma: Fundi, kila stima ikipotea na kurudi, printa inaonekana lakini haichapishi. Lazima niifute na kuiongeza upya?*

Usiifute, ndugu yangu. Kazi ilipokatika katikati, CUPS ilisimamisha foleni. Ifungue hivi:

cupsenable JinaLaPrinta

Jina unalipata kwa lpstat -t. Ili isijirudie, badilisha kanuni yake ya makosa:

sudo lpadmin -p JinaLaPrinta -o printer-error-policy=retry-job

Kuanzia hapo itajaribu tena yenyewe stima ikirudi. Kama foleni imejaa kazi za wateja walioshaondoka, futa zote kwa cancel -a kwanza, la sivyo itakumalizia wino.

*Kutoka Nakuru: Nina kompyuta nne na printa moja. Kwenye Windows nilikuwa nashiriki. Hapa je?*

Kwenye kompyuta iliyounganishwa na printa endesha:

cupsctl --share-printers
sudo lpadmin -p JinaLaPrinta -o printer-is-shared=true

Hizo nyingine tatu zitaiona zikiwa kwenye mtandao mmoja. Isipoonekana, iongeze kwa mkono kwa anwani kama ipp://192.168.1.10:631/printers/JinaLaPrinta, ukiweka namba ya mtandao (IP) ya ile kompyuta iliyounganishwa na printa. Lango la 631, ambalo CUPS hupokelea kazi, lisifunguliwe kwa intaneti ya nje hata kidogo. Mwezi wa Septemba 2024 yalitangazwa mapengo ya usalama kwenye cups-browsed, programu inayotafuta printa za mtandaoni, na wenzake, na walio hatarini zaidi walikuwa wale walioacha lango hilo wazi. Sasisha mfumo pia.

*Kutoka Kakamega: Mimi ni mwalimu. Nimeskani nyaraka kurasa ishirini na PDF imekuwa kubwa mno kutuma.*

Mwalimu, huna haja ya kuskani upya:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf kubwa.pdf

Amri hiyo hushusha picha hadi karibu dpi 150. Fungua ndogo.pdf usome mihuri na sahihi kabla ya kutuma. Na kama ungependa maandishi yaweze kutafutwa, weka ocrmypdf na tesseract-ocr-swa, kisha:

ocrmypdf -l swa+eng ndogo.pdf tayari.pdf

Inasoma Kiswahili kilichopigwa chapa vizuri. Mwandiko wa mkono usiutegemee.

*Kutoka Busia: Nataka kununua printa mpya. Nichukue gani?*

Dada, siwezi kukutajia moja bila kujua kazi yako, ila kabla ya kulipa tafuta maneno AirPrint au IPP Everywhere kwenye boksi au kwenye tovuti ya kampuni. Yakiwepo, uwezekano ni mkubwa kwamba itachapisha bila draiva. Wanaotengeneza CUPS wamekwisha kusema kwamba draiva za mtindo wa zamani zinaelekea kuondolewa, kwa hiyo hapo si pa kubana pesa. Pia ziepuke Canon za zamani zinazotumia CAPT, lugha ya Canon yenyewe, kama LBP2900, hata ukiuziwa kwa bei ya chini. Kuziwasha kwenye Linux kunawezekana, lakini utaniita kila mara mfumo ukisasishwa. Ukiweza, nenda dukani na laptopu yako yenye Mint, omba wachomeke kebo, na uchapishe ukurasa mmoja kabla ya kutoa pesa.